Mastaa wa Insta, Tembo Siyo Pazia la Studio!

KUNA mdada mmoja wa mjini, jina kapuni, ambaye kila sikukuu ikiangukia Ijumaa lazima aitikise Insta na mapicha ya mbugani. Safari hii ilikuwa zamu ya Mikumi. Picha kumi na mbili zilitupiwa kwa mpigo. Ukizitazama zote, mnyama anaonekana kwenye mbili tu, na kwenye moja kati ya hizo twiga amekatwa kichwa. Zilizobaki ni mdomo uliobinuliwa, miwani mpya na mlango wa gari. Komenti zikawa zile zile: "Moto!", "Malkia!", na mkorofi mmoja aliyeuliza, "Kwani huyu kaenda mbugani au Mlimani City?" Akapigwa bloku palepale.

Mkorofi yule alikuwa na hoja. Tatizo la hawa mastaa siyo simu. Simu wanazo kali kuliko kamera za wapiga picha wengi wa harusi. Tatizo ni saa. Dar mpaka Mikumi ni kama kilomita 300. Msafara unachelewa kwa kusubiriana, chai inanywewa Morogoro kwa madaha, na hifadhini wanaingia saa sita, jua la utosini. Saa hiyo simba kalala kichakani, swala wamejibanza kivulini, na mwanga unashuka wima mpaka macho ya mtu yanageuka mashimo meusi. Ndipo filta inapopakwa hadi nyasi za Mkata zinakuwa na rangi ya juisi ya embe. Mtu aliyelala pale Mikumi mjini, akaingia getini asubuhi na mapema na kisimu chake cha kawaida, nyasi hizo hizo anazipata za dhahabu bure, bila kupaka kitu. Hata ile saa moja kabla ya jua kuzama ni tamu vilevile, ila muda huo mastaa wameshageuza gari, wanaiwahi foleni ya Kibaha.

Halafu kuna papara. Gari likisimama, watu wote wanachomoza juu ya paa, injini inanguruma, kila mmoja anavuta zumu mpaka mwisho. Zumu ile ya vidole ikishapita uwezo wa lenzi haimsogezi mnyama hata hatua moja. Inakata kipande cha picha na kukikuza tu, ndiyo maana tembo anatoka kama kajengwa kwa matofali. Wanaojua kazi hii wanaanza kwa kuzima injini, maana mtetemo wake peke yake unatosha kuharibu picha. Kitenge kinakunjwa, kinawekwa dirishani, simu inalazwa juu yake. Dirishani, siyo kwenye paa! Akipigwa kutoka juu, tembo anafanana na ng'ombe wa jirani. Akipigwa kwa usawa wa jicho lake au chini kidogo, anakuwa mlima. Kidole kinagusa jicho la mnyama kwenye kioo, mwanga unapunguzwa kidogo, na mbele ya uso wake panaachwa nafasi ya kutazama. Kisha wanasubiri. Dakika 20, wakati mwingine saa nzima. Hapo ndipo mastaa wanaposhindwa, maana kwao saa nzima bila kuposti ni msiba.

Yote haya yangeishia kuwa kichekesho kama hasara ingekuwa yao. Siyo yao. Wa kwanza kuumia ni dereva. "Kaka, sogea kidogo tu." "Kaka, ingia kwenye nyasi, nani atakuona?" "Kaka, nishuke sekunde moja." Hifadhini hakuna kushuka hovyo wala kuiacha barabara, na dereva anajua hilo kuliko abiria wote. Anajua pia kwamba akikataa bakshishi imekwenda, na huenda akachambwa mtandaoni kabla hajafika getini. Akikubali na askari wakamkuta, msala ni wake. Staa yuko hotelini anachagua filta.

Wa pili ni mnyama. Mwaka 2025 video za mto Mara zilisambaa dunia nzima: watalii wameshuka kwenye magari, wamejazana ukingoni, nyumbu wanaotaka kuvuka hawaoni pa kupita. Mamba wanawasubiri majini, na huku nje kuna ukuta wa simu. Huo ni ukatili, hata ukiwekewa muziki mzuri. Tembo akitandaza masikio na kutikisa kichwa kwenye video ya staa, mafoloa wanaandika "kapozi!" Hajapozi. Anawaambia waondoke. Duma akizingirwa na magari anaweza kuacha windo lake, na watoto wake wakalala njaa. Kwa faru ndiyo balaa kabisa: wapo wanaotupia picha yake saa hiyo hiyo, na mahali alipo pamewekwa wazi kwenye ramani. Jangili naye ana bando.

Watetezi wao watasema hao ndio wanaotangaza utalii wa ndani, na hapo hawakosei. Wapo vijana kibao wa Dar waliodhani mbuga ni za Wazungu mpaka walipomwona mdada huyu ndani ya Land Cruiser. Lakini ndiyo maana lawama yake ni nzito kuliko ya mtu mwenye mafoloa 200. Anaigwa. Leo akining'inia dirishani kumkaribia tembo, kesho wapo ishirini wanaoning'inia.

Na za ndani ya gari lile zinasema picha kali kuliko zote za safari hiyo haikupigwa na staa. Ilipigwa na binti aliyekaa siti ya nyuma, simu yake ina ufa kioo kizima. Pale kwenye bwawa la viboko, wenzake wakibadilisha nguo kwa ajili ya pozi la tatu, yeye alikaa kimya dakika 40 mpaka kiboko mmoja akafumbua kinywa, meno yote nje, maji yanachuruzika. Aliitupia kwenye ukurasa wake ikapata laiki 31. Mdada kaiona, kaomba atumiwe ili aiposti yeye.