Tafakari ya Juma: Mteja Anayerudi kwa Fundi



Juma hili tumependa tutafakari pamoja juu ya kazi ambayo wengi huiona ndogo, nayo ni kazi ya fundi wa kompyuta. Hatumsemi mhandisi wa ofisi kubwa, bali yule kijana mwenye meza moja, bisibisi chache na nyaya zilizosokotana, anayepatikana Kariakoo, kandokando ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, au jirani na steshenari ya mji wowote wa wilaya. Kwake hupelekwa kompyuta zilizougua virusi. Huzitibu, hulipwa chake, na baada ya majuma machache kompyuta ile ile hurudi mezani pake na ugonjwa ule ule. Mteja anaporudi mara ya tatu, ni nani aliyeshindwa?

Vijiweni mwa mafundi jibu ni moja: mteja hasikii. Mteja naye akishatoka pale huwanong'oneza jirani zake kwamba fundi humwachia kirusi makusudi, ili apate kurudi na fedha. Maneno hayo yote mawili tumeyasikia mara nyingi, na twaona kwamba yote mawili yanaikwepa kweli. Maoni yetu, na tuyaseme mapema, ni kwamba fundi anayesafisha kompyuta bila kueleza ugonjwa umetoka wapi amefanya nusu ya kazi, hata kama mkono wake ni hodari. Na mteja asiyetaka kulipia maelezo hayo ndiye anayemzoesha fundi kuishia hapo nusu.

Tuanze na flashi, kwa maana katika mazingira yetu huo umekuwa mlango mpana kweli kweli. Katika miaka ya 2000 kompyuta nyingi za Windows XP zilikuwa na tabia ya kuendesha zenyewe programu iliyoelekezwa ndani ya diski au flashi, mara tu inapochomekwa. Jambo hilo liliwekwa kwa nia njema, ili mtu asihangaike kutafuta, lakini watunga virusi wakalifanya barabara yao kuu. Kirusi kilichoitwa Conficker, kilichoonekana mara ya kwanza Novemba 2008, kilipita humo na pia katika mitandao ya ofisi, kikaambukiza mamilioni ya kompyuta duniani. Hatimaye, mnamo Februari 2011, Microsoft ilisambaza sasisho la kuzima tabia hiyo ya flashi katika Windows XP na Vista.

Mlango ulipofungwa, wabaya hao walibadili mbinu. Badala ya kuiendesha programu wenyewe, humwacha mwenye kompyuta aiendeshe kwa mkono wake. Kirusi huzificha folda zote zilizomo katika flashi, na mahali pake huweka njia za mkato zenye majina yale yale na hata picha ile ile ya folda. Mafundi hukiita kirusi cha shotikati. Mwalimu hubofya folda yake ya mitihani, nayo hufunguka kama siku zote, wala haoni kitu cha kumshtua. Kumbe kwa kubofya kule amemwamsha mgeni, ambaye tayari amejinakili ndani ya kompyuta na anaingojea flashi itakayofuata. Aina hii haikwenda na zama za Windows XP. Kirusi kiitwacho Raspberry Robin, ambacho wataalamu walikibaini mwaka 2021, kilisafiri ndani ya flashi kwa hila ya namna hiyo hiyo.

Sasa tutazame mzunguko wake. Mwalimu yule hupeleka flashi steshenari kuchapisha mitihani. Kompyuta ya steshenari, aghalabu moja tu, hupokea flashi za mtaa mzima: barua za maombi ya kazi, kadi za michango ya harusi, taarifa za vikundi vya kuweka na kukopa. Jioni flashi hurudi nyumbani pamoja na chochote ilichokiokota huko. Fundi akiitibu kompyuta ya mwalimu bila kuiomba na flashi yake, wala kumwuliza anachapisha wapi, amefanya sawa na aliyemtibu mtoto minyoo kisha akamrudisha kwenye kisima kile kile. Na hapo hapana sababu ya kumlaumu mtoto.

Katika kirusi hicho cha shotikati kuna jambo jingine linalotuudhi. Wako mafundi, si wote wala si wengi, ambao humwambia mteja aliyejaa hofu kwamba faili zake zimepotea na kwamba kuzirudisha ni kazi kubwa ya gharama kubwa. Ukweli ni kwamba mara nyingi faili hazijapotea kabisa. Zimefichwa tu, na fundi anayeijua amri ya kuzifunua huzitoa kwa dakika mbili. Hatusemi afanye bure. Ujuzi una thamani yake hata ukitumika kwa dakika mbili, na aliyeutafuta ujuzi huo alitoka jasho. Tunachokikataa ni kuiuza hofu ya mtu. Mwanafunzi anayeamini kwamba utafiti wake wa mwaka mzima umeteketea yuko tayari kukopa ili aupate tena.

Tukija kwenye dawa inayotumika kuliko zote, ile ya kupiga Windows upya, tusiibeze. Kompyuta iliyoingiliwa kwa kina hupona kwa uhakika zaidi ikifutwa yote na kuanza upya kuliko ikichokonolewa kirusi kimoja kimoja. Lakini dawa hiyo ina mipaka ambayo mteja haambiwi. Fundi hunakili kwanza faili za mteja, kisha huzirudisha zilivyo, na pengine ndani yake mna ile programu iliyoleta balaa. Tena mteja akifika nyumbani hufungua kivinjari, akaingia kwa akaunti yake, nacho kivinjari kwa utiifu kikamrejeshea viongezi vyote alivyokuwa navyo, kile kibaya kikiwa miongoni mwao. Ndiyo maana mtu huapa kwamba kompyuta haikusafishwa, na fundi naye huapa kwamba aliisafisha, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Kipo na kisa cha kuchekesha kidogo. Mteja huleta kompyuta ambayo kila baada ya dakika chache pembeni mwa kioo hutokea onyo jekundu kwamba ina virusi vitano na kwamba abofye haraka. Fundi mwenye haraka hupiga Windows. Kumbe kirusi hakipo hata kimoja. Siku moja mteja alikuwa akitafuta filamu, tovuti ikamwomba ruhusa ya kumtumia taarifa, naye akabofya kukubali ili aendelee. Tiba yake ni kuingia katika mipangilio ya kivinjari na kuifuta ruhusa hiyo. Asipoelezwa, ataikubali tena tovuti nyingine kesho yake.

Yote hayo ni mepesi tukiyalinganisha na hili linalofuata, ambalo hatuna budi kulitamka ingawa litawachukiza rafiki zetu mafundi. Mara nyingi Windows inayopigwa haina leseni. Hufunguliwa kwa programu ya kuvunja kufuli, na programu hizo karibu zote huagiza kwamba kinga ya kompyuta izimwe kwanza, la sivyo hazifanyi kazi. Fundi huizima, huweka Office ya namna hiyo hiyo, humkabidhi mteja kompyuta isiyo na mlinzi, na mteja akirudi na kirusi huulizwa kwa dharau aliingia wapi!

Programu za namna hiyo zimekuwa kichaka cha wezi. Kirusi kinachofunga faili kwa kudai fidia, kiitwacho STOP au Djvu, kilianza kuenea mwaka 2018, na kimewaandama hasa watu wa kawaida waliopakua programu zilizovunjwa kufuli. Wenye kirusi hicho walidai dola 980 za Marekani, au 490 kwa atakayewasiliana nao ndani ya saa 72. Mnamo Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa bure chombo cha kufungua faili zilizofungwa na matoleo mengi ya mwanzo. Matoleo ya baadaye yaliimarishwa, na wengi waliopatwa nayo hawakupata ufunguo. Vipo pia virusi visivyofunga wala kuharibu kitu. Huingia, hukusanya nywila zilizohifadhiwa katika kivinjari, huzipeleka kwa mwizi, na shughuli imekwisha. Kwa mteja wa aina hiyo kusafisha kompyuta hakutoshi hata kidogo, maana kilichoibwa kimekwisha kuondoka. Anapaswa kuambiwa abadilishe nywila zake zote, akianza na ya barua pepe, tena kwa kutumia kifaa kingine kilicho safi.

Twajua jibu la fundi: mteja hana fedha ya leseni, nami nikikataa atakwenda meza ya jirani. Ni kweli, na bei ya leseni si ya kudharau kwa mwenye duka dogo. Lakini njia hazijaisha. LibreOffice ni ya bure na halali, na huandika barua na kupiga hesabu za kutosha mahitaji ya wengi wetu. Kinga ya Defender imo ndani ya Windows yenyewe tangu Windows 8 ya mwaka 2012, bila malipo, mradi asitokee mtu wa kuizima. Na kwa kompyuta ya mtumba isiyoweza kubeba Windows 11, iko mifumo ya Linux. Jambo hili la mwisho limekuwa zito zaidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, ambapo Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Mteja mwenye mashine ya namna hiyo anastahili kuambiwa, hata kama yeye hakuuliza.

Mintarafu masasisho, tuseme neno la kumtetea mteja. Wengi huyazima, na mafundi huwacheka kwa uzembe. Lakini mtu anayenunua bando kwa siku, akiona kompyuta imelimeza lote kabla hajasoma barua moja, huyazima kwa akili zake timamu. Mnamo 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilizipiga kompyuta katika nchi zaidi ya 150, hata hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu, ilhali sasisho la kuziba tundu lile lilikuwa limetolewa tangu tarehe 14 Machi mwaka huo huo. Fundi mwenye intaneti ya uhakika dukani angeweza kuyashusha masasisho kompyuta ingali mezani pake, na kuiandika gharama hiyo katika bili. Hiyo ni huduma halisi kuliko stika ya simu yake anayoibandika kifunikoni.

Namna ya kusema nayo ina uzito wake. Mzee aliyestaafu hafiki kwa fundi kukiri kwamba ameingia tovuti za kamari au za picha za aibu, husema, "Mwanangu, imejizimia tu yenyewe." Fundi akicheka mbele ya watu, mzee hatarudi tena kusema kweli, atarudi na kirusi tu. Yule mwenye busara humsogelea na kumwambia, "Shikamoo mzee. Kirusi hiki huja kwa kupakua filamu. Ukitaka filamu, nitakuonyesha mahali pasipo na hatari." Hakumwuliza kitu, wala hakumvunjia heshima, na mzee ameelewa. Mtu anayeishika kompyuta ya mwenzake ameshika barua zake, picha za watoto wake, na pengine madeni yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, na Kenya ilipata ya kwake mwaka 2019; lakini hata kabla ya sheria hizo fundi mwadilifu hakuwa akifungua folda ya picha isiyohusiana na kazi aliyopewa.

Je, maelezo yote haya nani atayalipia? Hapa twawageukia ninyi wateja, ambao hubishana juu ya kila shilingi kwa sababu hamwoni kipuri kilichobadilishwa. Fundi akitumia robo saa kukuonyesha jinsi ya kuikagua flashi kabla ya kufungua kilichomo, hiyo ni robo saa ambayo hakutengeneza kompyuta nyingine. Akiambiwa, "Mimi nilipe maneno?" mara ya pili hatasema kitu, ataisafisha mashine na kunyamaza, na kunyamaza huko kutakugharimu safari ya tatu.

Twapendekeza mafundi wajaribu jambo moja. Mteja anapokabidhiwa kompyuta apewe na nusu karatasi iliyoandikwa kirusi gani kimekutwa, kwa maoni ya fundi kimeingilia wapi, kitu gani kimewekwa na kama kina leseni, kinga imewashwa au imezimwa, na flashi zipi zimekaguliwa. Gharama ya kusafisha iandikwe mstari wake, na gharama ya maelezo mstari wake. Nakala moja ibaki dukani, ili mteja akirudi wote wawili waisome kabla kompyuta haijawashwa. Na iandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, maana wengi wa wanaoipeleka flashi steshenari ni watoto waliotumwa.