Fidia Irudishe Mali, Isirudishe Hatari

Katika elimu ya bima iko kanuni moja kongwe, nayo ni kwamba fidia humrudisha mwenye mali katika hali ile ile aliyokuwa nayo kabla ya hasara kumfika, pasi na kumtajirisha wala kumfukarisha. Kanuni hii ni ya insafu, na sina haja ya kuipinga panapohusika shehena ya karafuu iliyozama au gari lililogongwa; lakini inapoingia katika karakana ya seremala, na kilichoteketea kikawa ni msumeno wa meza, yatupasa tuitazame kwa hadhari, kwani zipo mashine ambazo kuzirudisha kama zilivyokuwa ni kuirudisha hatari pamoja na mali.

Tuchukue mfano wa fundi mwenye karakana yake huku Mbweni, kusini ya mji wa Unguja, mahali ambapo leo hii ipo Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume ikiwasomesha vijana wetu ufundi. Moto umezuka katika waya za umeme, ukashika pumba za mbao, na msumeno wake wa kupasulia mbao umeungua. Alikuwa na bima, dai lake limekubaliwa, na sasa ameshika fedha mkononi huku wateja wakimhimiza milango na makabati yao. Anunue mashine gani?

Kwanza atambue kwamba uchaguzi huo ulianza zamani, siku aliyojaza fomu ya bima na kutaja thamani ya vyombo vyake. Wengi hutaja thamani ndogo ili ada iwe nyepesi, wakasahau kwamba katika hati nyingi za bima ya moto mna sharti la uwiano: mwenye vyombo vya shilingi milioni 8 aliyeviwekea bima ya milioni 4, akipata hasara ya milioni 2, hulipwa milioni 1 tu, na hata hapo hukatwa ile sehemu ya hasara aliyokubali kuibeba mwenyewe. Fauka ya hayo, pana tofauti kubwa baina ya hati inayolipa thamani ya mashine kuukuu kama ilivyochakaa na hati inayolipa bei ya mashine mpya. Fundi asiyeijua tofauti hii hujikuta ana fedha za nusu ya msumeno, na hapo ndipo ushawishi wa kununua cha bei ya chini unapomshinda. Wahenga walisema rahisi inavunja upishi, na katika kazi hii kinachovunjika si upishi peke yake.

Akiwa na fedha za kutosha, jambo la pili ni umeme. Umeme wetu ni wa volti 230 kwa mizunguko 50 kila sekunde, ilhali wa Marekani ni wa volti 120 kwa mizunguko 60. Na ndugu zetu wanaotuletea mashine kutoka ng'ambo wajue kwamba hata Saudia, ambako volti zinakaribiana na zetu, mizunguko ni 60. Transfoma hubadili volti, haibadili mizunguko. Mota nzito isiyo na brashi za kaboni, iliyoundwa kwa mizunguko 60, ikitiwa katika umeme wetu hupoteza takriban sehemu moja katika sita ya mwendo wake na kuzidi kupata moto, na moto ndio uliomfikisha fundi wetu hapa alipo. Mashine za Dubai na Omani, kwa upande huu, hazina matata. Tena, kwa kuwa Mbweni i ufukweni, meza ya chuma cha kusubu hushika kutu upesi kwa upepo wa chumvi. Atakayeichagua kwa uzito na utulivu wake akubali kuipangusa na kuipaka nta mara kwa mara.

Lakini hayo yote ni ya mali, na mimi muradi wangu hasa ni mkono. Misumeno mingi inayofanya kazi katika karakana zetu haina kifuniko cha meno, wala haina lile bapa la chuma linalosimama nyuma ya meno na kuuzuia ubao uliokwisha pasuliwa usijifunge tena. Ubao wenye mkazo ndani yake, uwe wa mfenesi au wa mwembe, ukijifunga na kuyabana meno ya nyuma yanayopanda juu, hurushwa kwa fundi kwa kasi ya kutisha, na aghalabu huuvuta mkono wake kuelekea kwenye meno. Nchini Marekani makadirio ya tume ya usalama wa bidhaa ni ya majeruhi zaidi ya 30,000 wa msumeno wa meza kila mwaka, na hao ni watu wa nchi ambako mashine mpya huuzwa pamoja na vifaa hivyo.

Kwa hiyo nasema, msumeno wowote usio na bapa hilo, kifuniko, na swichi isiyojiwasha yenyewe umeme unaporudi, usinunuliwe kwa fedha za bima hata ukiwa nusu ya bei. Hili la swichi latuhusu sisi kuliko wengine. Sisi tuliokaa bila ya umeme wa gridi kwa takriban miezi mitatu, tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa baharini ulipoharibika, na ambao hata leo tumezoea umeme kukatika na kurejea ghafula, hatuhitaji kuelezwa ni nini huweza kutokea iwapo fundi ameinama kuondoa kipande kilichokwama na mashine ikaamka yenyewe.

Upo pia uvumbuzi wa Mmarekani Steve Gass wa mwaka 1999, uitwao SawStop, ambao kidole kikigusa meno, breki ya kipande cha alumini hujikita ndani ya meno hayo na kuyasimamisha kwa muda usiofika milisekunde 5. Ni uvumbuzi wa kuheshimiwa. Lakini kila mara breki hiyo inapofanya kazi, breki yenyewe na aghalabu meno pia hubidi yabadilishwe, vipuri huagizwa mbali, na mbao mbichi huweza kuishitua bure. Mwenye uwezo na ainunue. Asiye na uwezo asidhani kwamba amekosa kinga, maadamu anavyo vile vitatu nilivyovitaja na kijiti cha kusukumia ubao.

Tangu Oktoba 2024 mgeni wa kigeni anayeingia Zanzibar hulipa dola 44 za bima, nayo hushughulikiwa na Shirika la Bima la Zanzibar, ambalo limekuwapo tangu mwaka 1969. Ikiwa tumeweza kumkinga mgeni anayekuja kuitazama milango ya Mji Mkongwe, mji ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, hatuna udhuru wa kumwacha fundi anayeichonga milango hiyo. Makampuni ya bima yawakubalie mafundi kuongeza fedha zao juu ya fidia ili wapate mashine salama zaidi. Yapunguze ada kwa karakana yenye vifaa vya kinga. Na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ihimize jambo hilo. Taasisi ya Karume, iliyopo hapa hapa Mbweni, ina wataalamu wanaoweza kukagua mashine na waya na kutoa shahada ya kuaminika kwa pande zote mbili.

Nawe fundi, kabla hujatia saini ya kupokea fidia, isome hati yako ya bima, uipime mashine unayotaka kwa umeme wetu na kwa vidole vyako, kisha ununue. Mashine iliyoungua hulipwa; kidole kilichokatwa hakina fundi wa kukirudisha.