Mchezo Si Zawadi ya Ijumaa

Ukitoka Githurai kwenda Thika, mabango ya shule za kibinafsi yameandamana kando ya barabara kuu na kuingia hadi vichochoro vya Kimbo na Makongeni. Yanaahidi alama, nidhamu, kompyuta na basi la shule. Sijaona hata moja linaloahidi kwamba watoto watacheza darasani, na sababu iko wazi. Mzazi wa Ruiru anayerauka alfajiri kuwahi gari la Nairobi, akarudi watoto wameshalala, hataki kusikia kwamba karo yake imeishia kwenye mchezo. "Nimempeleka shule asome," atakuambia. "Kucheza atacheza nyumbani."

Namwelewa, na bado nasema amekosea. Tena kosa hilo si lake peke yake. Walimu wengi, hata wale wanaowapenda watoto kwa dhati, wanaamini kwamba mtoto hujifunza akiwa kimya, na kwamba mchezo ni tuzo ya aliyemaliza kazi. "Mkimaliza hesabu, nitawaacha mtoke." Ijumaa alasiri, vitabu vikishafungwa, ndipo mpira hutolewa ofisini.

Tuanze na huo ukimya. Karibu kila aliyesoma Kenya anaikumbuka orodha ya wapiga kelele. Mwalimu akitoka, kiranja anashika karatasi na kuandika majina. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, lakini orodha ilibaki, na haikuwahi kuuliza kelele ilihusu nini. Msichana aliyekuwa akimweleza mwenzake jinsi ya kujumlisha sehemu aliandikwa pamoja na mvulana aliyekuwa akirusha karatasi. Tukakua tukijua kwamba mwanafunzi mwema ni yule asiyesikika, na sasa tunawataka watoto wetu wawe hivyo hivyo.

Ukimya huo unamficha mtoto anayehitaji msaada kuliko wote. Katika darasa la watoto 60, aliye kwenye dawati la nyuma anaweza kumaliza muhula mzima akinakili majibu ya ubaoni. Daftari lake ni safi, limejaa alama za vyema, na hajui kwa nini 7 mara 8 ni 56. Atagunduliwa siku ya mtihani, na hapo ataitwa mzembe.

Sasa wachukue watoto hao hao 60, tuseme wa Gredi ya 4. Panga madawati yawe matatu nne, kila moja na abiria 14 na kondakta wake. Hakuna anayebaki stejini. Noti zikatwe kutoka kwa daftari kuukuu. Nauli ya Thika hadi Ruiru iwe shilingi 80. Abiria mmoja anatoa 200 kulipia watu wawili. Mwingine anatoa 500 kulipia watatu. Kondakta akimrudishia 250 badala ya 260, kalamu nyekundu haisubiriwi: abiria anadai shilingi 10 zake papo hapo, na sharti aeleze amezipataje. Gari likijaa, kondakta ahakikishe nauli aliyokusanya, baada ya chenji zote, ni 1,120. Kisha mwalimu atangaze kwamba mvua inanyesha na nauli imepanda hadi 120, jambo ambalo watoto wa barabara hii wanalijua vizuri. Makondakta wabadilishwe, safari ianze upya. Ndani ya kipindi cha dakika 35 mtoto atakuwa amezidisha, ametoa na kubishania jibu mara nyingi, na kila kosa limerekebishwa likiwa bado moto. Kelele itakuwepo. Kelele hiyo ndiyo hesabu yenyewe.

Ndiyo maana mchezo wa zawadi unaniudhi kuliko hata ukimya. Ni nani huachiliwa atoke Ijumaa? Ni yule mwepesi aliyemaliza mapema, ambaye angeelewa hata kwa chaki peke yake. Aliyekwama anabaki ndani akiandika masahihisho. Tunampa mchezo asiyeuhitaji sana na kumnyima aliyeuhitaji. Walimu wengine huleta michezo ya kutoana darasani, kama ule mchezo wa kati unaochezwa uwanjani: ukikosea tahajia unakaa chini. Anayekaa wa kwanza ni yule yule mnyonge, na dakika 20 zinazofuata hafanyi zoezi lolote ila kutazama wenzake. Mchezo kama huo heri usiwepo.

Kwa hiyo siutetei kila mchezo. Mwaka 2008 watafiti Robert Siegler na Geetha Ramani walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya Marekani na watoto wa chekechea kutoka familia za kipato cha chini. Kundi moja lilicheza mchezo wa ubao wenye visanduku vilivyoandikwa namba 1 hadi 10, kwa vipindi vinne vya dakika 15 katika muda wa wiki mbili. Kundi la pili lilicheza mchezo ule ule, ila visanduku vilikuwa na rangi badala ya namba. Kundi la namba lilipiga hatua kubwa katika kukadiria ukubwa wa namba. La rangi halikusonga. Furaha pekee haikumfundisha yeyote. Somo lilipaswa kuwa ndani ya mchezo.

Kuna ushahidi mwingine unaompa haki kiasi mzazi wa Ruiru, na sitauficha. Mwaka 2025 kundi la watafiti, wakiwemo Abhijit Banerjee na Esther Duflo, waliotunukiwa Nobel ya uchumi mwaka 2019, walionyesha kwamba watoto wanaouza sokoni Kolkata na Delhi hupiga hesabu za biashara kichwani kwa ustadi, lakini wakipewa hesabu zilizoandikwa kishule wengi hukwama. Wanafunzi wa shule nao walikwama kwenye zile za sokoni. Kwa hiyo matatu yetu ya madawati isiishie kwenye chenji. Dakika 10 za mwisho kondakta aje ubaoni aandike 500 toa 240, aipange na kuifanya mbele ya abiria wake.

Ninajua pia mtaala wa umilisi ulivyoliharibu jina la mchezo. Ulipoenea nchini kuanzia 2019, nyumba nyingi ziliupokea kama orodha ya kununua: manila, gundi, rangi. Mzazi anayetumwa manila saa mbili usiku, kisha akaimaliza kazi mwenyewe mtoto akisinzia, ana haki ya kukasirika. Hakuna aliyejifunza hapo, na hapakuwa na mchezo. Mchezo wenyewe hauhitaji orodha hiyo: vizibo vya soda havinunuliwi, na pakiti tupu za unga na majani chai zinatosha kufungulia duka la darasa zima.

Mjini Thika kuna shule ya wasioona iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Mtoto asiyeona hupiga hesabu kwa kusogeza shanga kwenye fremu, na huijua ramani kwa kuipapasa. Hatujawahi kumwambia aache kuchezea shanga asome. Mwenye macho naye ana mikono, na tunaikunja kifuani mwake akiwa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea.

Wengine watasema hakuna nafasi. Ni kweli, Ruiru ilihesabiwa watu zaidi ya 490,000 katika sensa ya 2019, na zipo shule zilizobanwa kwenye ploti kati ya magorofa, bila uwanja wa kutosha hata mbio za gunia. Mtoto anayetoka shule hiyo anarudi kwenye gorofa ambalo mwenye nyumba amekataza mpira kwenye ngazi. Huko nyumbani anakoambiwa atachezea hakuna pa kuchezea. Mchezo ninaoutetea unatoshea kati ya madawati.

Chini ya Katiba ya 2010, elimu ya PP1 na PP2 ni jukumu la kaunti, kwa hiyo Kiambu, kaunti ya Thika na Ruiru, inaweza kuanza na walimu wake bila kusubiri Nairobi. Walimu wakuu wa Thika na Ruiru nawaomba vipindi viwili vya hesabu kwa wiki, kimoja kikiwa Jumatatu asubuhi, vifundishwe kwa mchezo wenye hesabu ndani na vimalizikie ubaoni. Wazazi waalikwe wakae viti vya nyuma, walipe nauli kwa noti za karatasi na wadai chenji yao.