Mwambie muganga kama mtoto aligongwa kichwa

Wiki hii tuongee juu ya kichwa cha mtoto.

Kijana anaanguka kutoka juu ya muembe, ao anagongana kichwa na mwenzake kwenye kiwanja cha mpira. Anasimama, anajipangusa, anaendelea kucheza. Nyumbani hasemi kitu, maana anajua utamkataza kiwanja. Usiku anatapika, kichwa kinauma, hapendi mwangaza. Hapa kwetu Kalemie mama anafikiri nini? Malaria. Asubuhi wanaenda kituo cha afya, wanamtoboa kidole, kipimo kinaonyesha mistari miwili. Wanarudi na dawa. Habari ya kichwa haikuulizwa, wala haikusemwa.

Kipimo hakikudanganya. Mahali penye malaria nyingi kama kwetu, watoto wengi, zaidi wale wakubwa, wanatembea na vijidudu katika damu bila kuugua. Kwa hiyo atumie dawa ya malaria, ndiyo, lakini shida ya leo inaweza kuwa katika kichwa.

Pigo likitikisa ubongo, mara nyingi hakuna mfupa uliovunjika wala damu inayoonekana. Hata picha ya skana inaweza kuwa safi. Lakini ndani kuna kazi. Ubongo una chembe zake za ulinzi, kama walinzi wa usiku. Zinaamka, zinasafisha palipoumia, na chembe nyeupe za damu nazo zinaweza kuitwa kusaidia. Wachunguzi wameona, zaidi kwa panya, kwamba pigo la pili likikuta walinzi hao bado wamesimama, hasira yao inazidi na wanaweza kuumiza ubongo wenyewe. Ndiyo sababu siku za kupumzika si uvivu.

Watoto wetu walimwona Sadio Mané kule Bafoussam, Januari 2022. Aligongana kichwa na kipa wa Cap-Vert, akabaki kiwanjani, akafunga bao, kisha ndipo akatoka na kupelekwa hospitali. Siku tano baadaye alicheza tena. Vijana wanakumbuka bao. Mimi ningependa wakumbuke hospitali, maana yeye alikuwa na waganga wa timu nzima, na wetu wana mama tu.

Je, hakuna kipimo cha damu kwa kichwa? Kipo. Mwaka 2018 Marekani iliruhusu kimoja kinachotafuta katika damu protini mbili zinazotoka katika ubongo. Lakini kiliruhusiwa kwa watu wazima, tena kazi yake ni kusaidia kujua nani apelekwe skana. Kwa mtoto wa miaka 12 hapa Kalemie, kipimo cha kwanza ni mdomo wako. Ukifika, kabla hata ya kusema homa, sema: "Jana aligongwa kichwa, saa fulani, alipotewa na akili ao hapana."

Usingoje asubuhi kama anatapika tena na tena, anasinzia na haamki vizuri, anashikwa na degedege, anasema maneno yasiyoeleweka, mkono ao mguu umelegea, mboni moja ya jicho imekuwa kubwa kuliko ingine, ao maji ama damu inatoka sikioni. Hapo ni hospitali, hata kama ni usiku wa manane.

Kama hana dalili hizo, mwache alale; ile habari ya kumkataza usingizi usiku mzima inamchosha bure. Mwamshe mara moja moja usiku huo wa kwanza, aseme jina lake. Kwa maumivu mpe paracetamol, si aspirini wala ibuprofen. Apumzike siku moja ao mbili, kisha arudilie masomo polepole, na mwalimu ajue. Mpira unakuja mwisho kabisa, kichwa kikiacha kuuma hata akikimbia. Kwa vijana wengi hiyo inachukua majuma mawili mpaka manne. Atanuna. Mwache anune.