Kidole kabla ya kisu

Muulize mpasuaji nini kinaamua kama mgonjwa wa saratani ya puru atabaki na njia yake ya haja kubwa, naye atakutajia sentimita. Zamani kanuni ilitaka sentimita 5 za utumbo salama chini ya uvimbe. Baadaye 2 zikatosha, na leo, kwa mgonjwa aliyetanguliziwa mionzi na dawa, hata 1 yaweza kukubalika. Hoja ya toleo hili ni kwamba kwa mkazi wa Itiryo, wilayani Tarime, hesabu hizo huja mambo yakiwa yamekwisha kuamuliwa, na yameamuliwa kwenye zahanati.

Ufundi wenyewe umesonga mbele sana. Mwaka 1908 Ernest Miles wa London alieleza namna ya kuliondoa puru lote pamoja na misuli ya kubana choo, na mgonjwa akabaki na tundu tumboni maisha yake yote. Mwaka 1982 Bill Heald wa Basingstoke akaonyesha kwamba mafuta yanayolizunguka puru yakitolewa mazima, bila kuchanwa, saratani hairudi ovyo ndani ya nyonga. Mwaka 1994 Rudolf Schiessel na wenzake wa Vienna wakaeleza kukata msuli wa ndani tu, ule wa nje ukaachwa ufanye kazi yake. Kule São Paulo, Angelita Habr-Gama alithubutu zaidi: uvimbe ukiyeyuka wote kwa mionzi na dawa, hakupasua, alimfuatilia mgonjwa kwa karibu.

Haya yote yanamhitaji mgonjwa aliyewahi. Utafiti wa hospitali ya Bugando, Mwanza, uliochapishwa mwaka 2013, uliwahesabu wagonjwa 332 wa saratani ya utumbo mpana na puru. Umri wao wa kati ulikuwa miaka 46, na walio wengi mno walifika ugonjwa ukiwa umeshafika hatua za juu. Miaka 46! Huyo bado analima, bado analipa ada.

Kwa nini wanachelewa? Kwa sababu damu chooni huitwa bawasiri. Mgonjwa mwenyewe huiita hivyo, muuza dawa vilevile, na tabibu naye huandika hivyo hivyo bila kugusa. Ilhali saratani ya puru la chini ni ile hasa ambayo kidole huifikia. Mgonjwa hulala ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa. Glavu, mafuta kidogo, na baada ya dakika moja kidole kimekutana na kitu kigumu chenye kingo zilizoinuka, na kidole hutoka na damu. Bawasiri haiko hivyo. Najua si jepesi: mzee wa Kikurya kuvua suruali mbele ya tabibu wa umri wa mjukuu wake ni jambo zito. Lakini “Shikamoo mzee, naomba nikupime kwa kidole, ni muda mfupi tu,” mlango ukiwa umefungwa, huwashinda wachache kuliko tunavyojidanganya.

Nina ugomvi pia na wale wanaouona mfuko wa choo unaovaliwa kwenye tundu la tumboni kuwa ni kushindwa. Aliyeunganishwa utumbo chini kabisa aweza kwenda chooni mara nyingi kwa siku, akahangaika kujizuia, hata miaka ikipita. Mpandishe huyo basi la Tarime kwenda kliniki Mwanza, kupitia Bunda, Lamadi na Magu, na kondakta asiyesimamisha gari. Kwake yeye mfuko unaokaa vizuri, wenye kupatikana na kubadilishwa, ungekuwa heri kuliko misuli iliyookolewa kwa jina tu. Aulizwe kabla ya kupasuliwa choo chake kiko umbali gani na nyumba, anafanya kazi gani, nani atamsaidia, na mifuko ataipata wapi. Makala za wapasuaji zinazofuata zisomwe na maswali hayo mkononi.

Kwa tabibu wa zahanati: mwenye damu chooni, au choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, asitoke kwako na dawa ya bawasiri kabla hujampima kwa kidole. Ukigusa kitu usichokielewa, mwandikie rufaa siku hiyo hiyo. Na wewe msomaji uliyemaliza bomba la pili la dawa ya kupaka na damu bado inatoka, usinunue la tatu. Nenda ukapimwe.