Kamera mpya haimfunzi mtu kupiga picha

Ukipita mjini Kisii, Keroka au Nyamira siku ya Ijumaa au Jumamosi, hutakosa kuwaona vijana wenye kamera shingoni, wakielekea arusini, mazishini au kwenye mahafali. Hiyo ni kazi ya halali, na wengi wao wamejiajiri baada ya kuzunguka na vyeti vyao kutoka afisi moja hadi nyingine bila mafanikio. Aghalabu kijana wa namna hiyo amekopa katika chama, au mzazi wake ameuza ng'ombe, ili chombo hicho kipatikane. Asubuhi anakitoa sandukuni. Jioni anajiita mpigapicha. Mwandishi wa makala haya anashikilia kwamba baina ya asubuhi na jioni hiyo kuna elimu inayorukwa, na kwamba hasara yake huwaangukia watu ambao hawakununua kamera yoyote.

Nianze kwa kujishtaki mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa isimu, na kazi yangu ni maneno. Miaka michache iliyopita nilinunua kamera yangu ya kwanza ya dijitali kwa nia ya kuhifadhi majina ya vyombo vya Abagusii pamoja na sura za vyombo vyenyewe, kwa maana neno hupoteza nusu ya uhai wake pindi kitu kinachotajwa kinapotoweka. Nilikwenda nayo kijijini, katika kaunti ya Nyamira, kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba. Alikuwa bado na ekee, kile kikapu kilichofumwa cha kutilia ugali wa wimbi.

Ilikuwa yapata saa saba mchana. Nilimsimamisha uani akiwa ameshika ekee yake, nyuma yake mteremko wa michai na anga nyeupe. Nilibonyeza kitufe mara kumi na moja. Alipochoka kusimama aliniuliza, "Mwanangu, umenipiga au umenikosa?" Tulicheka sote, nami nikamjibu kwamba nimempiga barabara. Usiku nilipozifungua picha hizo katika kompyuta, niliona anga nzuri, michai mizuri, na mbele yake kivuli cheusi kilichofunga kitambaa kichwani. Uso haukuwapo. Nilijiambia kwamba ningerudi wakati wa Krismasi. Shangazi alifariki mwezi wa Oktoba. Katika programu ya mazishi tulilazimika kuweka picha iliyokuzwa kutoka kwenye kitambulisho chake, na baadhi ya vitukuu hawakumtambua.

Yafaa ieleweke kwamba kamera ile haikuwa mbovu. Kamera ikiachwa ijiamulie, hupima mwanga wote ulio mbele yake, ikakisia wastani, kisha ikairekebisha picha ili wastani huo uwe rangi ya kijivu cha kadiri. Anga ing'aayo ikichukua nusu ya picha, kamera hudhani kwamba mwanga umezidi, ikaupunguza. Uso wa mtu mweusi uliosimamishwa mbele ya anga hiyo huzama gizani. Zipo kamera za siku hizi ambazo huutafuta uso kwanza, lakini nazo hukosea.

Historia nayo ina sehemu yake katika jambo hili. Kwa miongo mingi ya karne ya 20, maabara za kusafishia picha za rangi zilipima usahihi wa rangi kwa kadi za kampuni ya Kodak zilizoitwa kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha ngozi zote. Filamu hizo zimekwisha kupisha dijitali, lakini funzo limebaki: chombo kilichoundwa kwingine huja na dhana za kwingine, na anayekitumia hapa kwetu hana budi kukielekeza.

Kukielekeza si kazi ngumu. Muondoe mtu juani, umweke barazani au chini ya mti, uso wake uelekee upande wa mwanga. Ikiwa ni lazima anga iwe nyuma yake, tafuta kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, uongeze mwanga hatua moja au mbili. Kadhalika, chagua saa. Mji wa Kisii uko kusini mwa ikweta kwa chini ya digrii moja, na jua la adhuhuri hukaribia kusimama utosini, hata macho ya watu yakawa mashimo meusi. Saa moja hadi saa tatu asubuhi, na kuanzia saa kumi na moja jioni, mwanga huwa umelala na nyuso huonekana. Anayekwenda Tabaka kuwapiga picha wachongaji wa mawe laini asithubutu kubadilisha lenzi katikati ya lile vumbi jeupe. Aidha, asisahau mfuko usiopenya maji, maana mvua ya alasiri katika Gusii haibishi hodi.

Wengi huamini kwamba dawa ya picha mbaya ni kamera ya bei kubwa zaidi. Mnamo mwaka 1975, mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak huko Marekani aliunda kamera ya dijitali ya mwanzo. Ilikuwa na pikseli 10,000 tu, na ilichukua sekunde 23 kuiandika picha moja kwenye ukanda wa kaseti. Leo simu ya mwanagenzi ina mamilioni ya pikseli. Kamera iliyomkosa shangazi yangu ilikuwa na mamilioni hayo pia. Kabla ya kukopa tena kwa ajili ya lenzi ya pili, heri kijana atumie mwezi mzima kuwapiga picha jamaa zake kwa lenzi aliyo nayo, kila siku kwa saa tofauti, akitazama kilichobadilika.

Jambo la pili ni idhini. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinamlinda kila mtu katika faragha yake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imeifafanua haki hiyo. Mnamo Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na mahali pamoja pa burudani shilingi 1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja bila ridhaa yake. Kijana anayempiga picha mjane akilia kaburini, kisha akaitundika mtandaoni kutangaza kazi yake, na ajiulize kama anaziweza faini za kadiri hiyo. Na hata pasingekuwa na sheria, adabu ya kumwomba mtu kabla ya kuichukua sura yake tunaijua tangu utotoni.

La tatu ni kuhifadhi. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini kadi ya kumbukumbu huharibika, hupotea, na mara nyingi hufutwa ili ipatikane nafasi ya arusi ya wiki ijayo. Picha isiyo na nakala mahali pengine ni picha iliyo safarini kupotea. Iweke katika kompyuta, uiweke tena katika diski ya pembeni, na uiandike: jina la mtu, kijiji, tarehe. Babu zetu waliopigwa picha studioni walikuwa na bahati moja tusiyo nayo, kwamba nyuma ya karatasi palikuwa na mahali pa kuandikia kalamu.

Sasa nirudi katika taaluma yangu. Kijitabu kilichokuja na kamera yangu kilikuwa kwa Kiingereza, Kifaransa, Kireno na Kiarabu. Nilikisoma kwa Kiingereza, pamoja na shahada zangu, na bado nikamsimamisha shangazi mbele ya anga. Je, kijana aliyeishia kidato cha nne atafanyaje? Watu husema Kiswahili hakina maneno ya kufundishia ufundi huu. Sikubaliani nao. Mwambie mwanafunzi kwamba lenzi ina tundu linalopanuka na kusinyaa kama mboni ya jicho. Kwamba mna kilango kinachofumba na kufumbua kama kope, kwa kasi unayoipanga wewe. Na kwamba kamera inaweza kuongezewa wepesi wa kuuhisi mwanga, ila ukiuzidisha picha huota chenga. Hayo ndiyo mambo matatu yanayotawala mwanga katika kila kamera, na nimeyasema bila kukopa zaidi ya neno lenzi na kamera.

Hivyo basi nina ombi. Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi serikali za kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini. Kaunti za Kisii na Nyamira, zilizokuwa na watu zaidi ya 1,870,000 katika sensa ya mwaka 2019, na zianzishe katika vyuo hivyo mafunzo mafupi ya upigaji picha, karibu na ushonaji na useremala. Nasi wa idara za lugha vyuoni tuandike kijitabu chake kwa Kiswahili sanifu, na majina ya Ekegusii kando yake. Kazi hiyo haihitaji mfadhili kutoka ng'ambo. Inahitaji likizo moja ya mwalimu mmoja, na mimi nimekwisha kuianza.

Vikongwe waliobaki na ekee zao vijijini hawatatungoja. Kijana mwenye kamera mpya na aanze na hao, asubuhi na mapema, kwa idhini yao, akiwa ameupa jua mgongo. Naye bibi atakapomuuliza swali nililoulizwa mimi, aitazame picha kwanza kabla ya kumjibu.