Dona Si Dawa ya Kila Tumbo

Hapa Mungaa mtu akikonda, kila jirani hugeuka daktari. Mgonjwa ataambiwa ale ugali wa uwele kwa mlenda, aache sembe, anywe maziwa kwa wingi. Akisema tumbo linakataa, ataambiwa anajidai. Mimi nasema shauri la namna hiyo, hata likitolewa kwa upendo, laweza kuua.

Nakiri kwanza kosa langu. Mwaka 1989, nikiwa mkuu wa shule ya bweni, alikuwapo mwanafunzi aliyeacha makande sahanini kila siku. Nilimwaibisha mbele ya wenzake, nikamwamuru ayamalize. Chuo cha ualimu kilinifundisha kwamba kuna vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu na vya kulinda mwili. Hakikunifundisha kwamba chakula kinachomjenga mmoja chaweza kumbomoa mwingine. Baada ya miezi michache kijana alipasuliwa. Utumbo wake ulikuwa umevimba na kubana. Punje za mahindi zilikuwa zikikwama. Ugonjwa wenyewe unaitwa Crohn, kwa jina la daktari wa New York aliyeueleza pamoja na wenzake mwaka 1932.

Wasomi watanijibu kwa kumtaja Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, kisha akautangazia ulimwengu kwamba nafaka zisizokobolewa huwakinga watu na magonjwa mengi ya tumbo. Sibishani naye. Lakini hoja hiyo ni ya kumlinda mzima. Haimlazimishi mtu ambaye utumbo wake umekwisha kubana ameze pumba, maharage na ngozi za matunda. Huyo, wakati ugonjwa umepamba moto, anahitaji uji laini, wali uliolainika, viazi, mayai na samaki, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku.

Wapo pia wanaokosea upande wa pili: humkataza mgonjwa kila kitu mpaka akabaki na chai. Huko ni kumuua kwa njaa. Ugonjwa ukitulia, na kama utumbo haukubana, wengi huweza kurudia mboga na nafaka zao. Maziwa mabichi huwasumbua watu wazima wengi, hata wasio wagonjwa. Ya mgando huvumilika zaidi. Kila mgonjwa na awe na daftari, aandike alichokula na kilichofuata. Na kama anavuta sigara, aache, kwani tumbaku huuchochea ugonjwa huu.

Wala chakula peke yake hakitoshi. Ni kweli kwamba madaktari huweza kuwatuliza watoto wenye Crohn kwa lishe maalumu ya maji kwa wiki kadhaa, lakini hiyo ni tiba inayosimamiwa hospitalini, si mapishi ya jirani. Tena ugonjwa huu hufanana sana na kifua kikuu cha utumbo, na baadhi ya dawa za kutuliza Crohn humdhuru vibaya mwenye kifua kikuu. Bila vipimo, hakuna ajuaye anatibu nini.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mtu akisukuma sahani pembeni, usimwite mdekaji. Muulize panapouma, kisha mpeleke hospitali. Mimi sikuuliza. Kijana yule alipona akawa mwalimu, na hajawahi kunilaumu. Ndiyo maana najilaumu mwenyewe.